Chupa ya Gongoni

Mama Sizya hakuniuliza kitu.
Alifuta mdomo wa chupa kwa kiganja,
akaiviringisha kwenye gazeti kama samaki,
kisha akasema, bila kunitazama:
"Pole, mwalimu."

Nilitaka kumwambia ni ya maua.
Lakini nani aliwahi kununua gongo Gongoni
akakiri ni ya koo lake?
Kila mteja ana kidonda cha kuosha,
ana mjomba wa kuchua, ana kuku mwenye mafua.
Nikalipa. Nikapita nyuma ya stesheni,
chupa ikinigonga nyonga
kama mtoto anayetaka kubebwa.

Maua nilikuwa nimeyachuma asubuhi ile, njia ya Kipalapala,
umande umekauka, jua halijayachosha:
kivumbasi, vichwa tu, vya zambarau iliyofifia,
vingine vikiwa bado na nyuki asiyetaka kushuka.
Shangazi Nyanzala alikuwa akisema
usichume la kwanza, usichume la mwisho,
na usioshe, pukuta;
maji ndiyo yanayoleta ukungu.
Palikuwa na mengine, ya manjano, karibu na kichuguu.
Jina lake alinifundisha kwa Kinyamwezi.
Nimelidondosha mahali fulani
kati ya utoto na kiinua mgongo.
Hayo niliyaacha.
Ua usilolijua jina usilipeleke mdomoni.

Sasa nyumbani.
Miaka kumi na mmoja chupa haikuvuka kizingiti hiki.
Kashindye aliimwaga ya mwisho kwenye shina la mpapai
na mpapai ukanyauka,
au alipenda kusema ulinyauka.
Tangu siku ile chai ya rangi, kikombe kwa mikono miwili,
hadi alipokufa, mkavu, ameshinda,
kwa ugonjwa mwingine kabisa.

Nikafungua kizibo.
Harufu ikaingia vyumbani kabla yangu.
Ilijua njia.
Ikaenda moja kwa moja mlangoni, saa nane ya usiku,
ufunguo ukitafuta kitasa, ukikikosa, ukikitafuta,
nami kitandani nikihesabu.

Nikakaa chini, sakafuni, na bakuli la maua mapajani.
Nilikaa mpaka treni ya mchana ikapiga honi.

Halafu nikayashindilia kwenye chupa ya jemu, kwa mwiko,
nikamimina mpaka yakazama yote.
Mapovu madogo yakapanda.
Kufikia jioni zambarau ilikuwa imekufa
na gongo imekuwa kijani,
kijani cha bwawa la Igombe mvua zikichelewa.
Nikaandika kwenye plasta: KIVUMBASI. SI YA KUNYWA.
Nikacheka. Kwani ni ya nini?

Siku arobaini mvunguni, upande wake.
Kila alfajiri naitoa, naitikisa.
"Mwangaluka," naiambia.
Siku ya tisa nikaongeza neno.
Siku ya ishirini nilikuwa nimeshaisimulia
habari za ule usiku wa mvua, na mlango,
na kwamba sikuwa nimelala.

Nilichuja kwa leso yake ya mfukoni.
Nikakamua hadi vidole vikauma.
Chupa tano za dawa ya kikohozi zikajaa, ya sita nusu.
Matone saba kwenye maji ya moto.
Sitasema yanaponya.
Nasema yanapita kooni yakiwa machungu
na nyuma ya uchungu kuna njia ya Kipalapala.

Mama Sizya nilimkuta sokoni, anakohoa, kanga mdomoni.
"Bado unaendelea, mwalimu?"
"Naendelea."
Nikamtolea ile ya nusu.
Akanusa. Akarudia.
Akakunja uso kama mtu aliyemwona jirani yake
kavaa suti.
"Hii si yangu?"
"Ni yako," nikamwambia.
"Ila imelala na maua."