Gunia la Tano

Magunia manne yalikuwa ya makala, najua,
makala hayana siri:
yanasaga meno kila gurudumu linapogonga jiwe,
yanakupaka masizi hadi kwenye kope.
La tano lilikuwa kimya.
Kavugho alilifunga mwenyewe, Kibumba, alfajiri,
mafundo matatu ya kamba ya katani,
akasema: "Hili usilitupe chini. Hili usilikalie.
Ukifika Birere, faranga elfu kumi juu ya bei yako."
Sikuuliza.
Elfu kumi haiulizwi jina la baba yake.

Chukudu yangu ni ya mkaratusi,
breki yake kipande cha tairi na kisigino changu.
Kutoka Kibumba hadi Goma ni mteremko,
unashuka kama neno lililokwisha kutamkwa.

Kanyaruchinya nilisimama kukaza breki,
nikaliegemea lile gunia kwa mgongo.
Lilikuwa na joto.
Makala hupoa kabla hayajauzwa.
Hili lilikuwa na joto la mtoto mwenye homa,
na lilipumua.

Nikafungua fundo la kwanza. La pili. La tatu.
Ndani, tufe la magamba,
magamba ya rangi ya chai iliyosahauliwa jikoni,
moja juu ya jingine, juu ya jingine.

Tulipokuwa wadogo tulikimbia vichakani tukiita:
"Kaka, kuona! Kaka, kuona!"
Anayemwona, tuliambiwa, halali njaa mwaka ule.
Hakuna kati yetu aliyemwona.
Haya basi, kaka. Nimeona.

Chui akija, hujikunja.
Meno yanateleza, kucha zinateleza,
njaa inamzunguka, inachoka, inakwenda zake.
Tangu milima hii haijatema moto
hekima hiyo moja ilimtosha.
Kisha tukaja sisi, wenye vidole,
tukakuta mnyama aliyejifunga mwenyewe,
tayari kuingia guniani.
Ngao yake ikawa mpini wa kumbebea.

Wanasema ng'ambo huko magamba husagwa yakawa dawa.
Dawa ya nini, Kavugho hajui.
Nilitazama kucha zangu, nyeusi kwa makala.
Naona ni kitu kilekile.
Nazikata kila Jumapili, nazitupa,
hakuna aliyewahi kuziinamia.

Alijikunjua kidogo. Pua kwanza.
Ulimi, mwembamba kama uzi wa kushonea viatu,
ukagusa kidole gumba changu,
ukatafuta mchwa, ukapata masizi.

Msitu ulikuwa nyuma yangu, juu.
Mbele, mawe meusi ya volkeno na mabati ya mji.
Chukudu yenye mzigo haipandi.
Na shuleni walikuwa wamemrudisha Masika nyumbani
mara mbili wiki ile.
Haya nayasema. Hayanisafishi.

Nikafunga tena. Mafundo mawili, si matatu.
Hilo ndilo jema langu la mwaka ule, lote.

Birere, mtu mwenye miwani alimpima kwa mizani ya maharage.
"Kilo saba," akasema, kama anayesema saa.
Akaona mafundo mawili, akaongeza la tatu.
Akaniuliza kama naweza kupata mwingine.

Masika alirudi darasani.
Anasoma vizuri; juzi aliniletea daftari,
amechora wanyama wa nchi yetu, mmoja mmoja, na majina chini.
Huyo hayupo.
Nilishika kalamu. Nikairudisha mezani.

Siku hizi kabla ya kushuka
naliegemea kila gunia kwanza, kwa mgongo, taratibu.
Wenzangu wanacheka, wanadhani kiuno kinaniuma.
Yote ni baridi.
Ni miti, miti tu, miti ya kule kule,
msitu unashuka nami kwenda mjini, gunia kwa gunia,
umekwisha kupoa,
na hakuna fundo ambalo kulifungua kungefaa kitu.