Nyuzi Hamsini na Sita

Julai, Ahvaz. Saa nne usiku na ukuta bado unatema jua.
Sharji imepanda kutoka Ghuba,
imelowesha shuka, imelowesha mkate,
na kipoza hewa cha maji juu ya paa
kinazunguka tu, kama mtu anayejibu asilolijua.

Kwenye pembe ya kioo changu kuna namba,
ndogo, nyeupe. Naichunga kuliko adui wa mchezoni.
Arobaini na moja: nacheza.
Arobaini na sita: nacheza, ila jicho moja liko kule.
Hamsini: naufungua ubavu wa kompyuta
kwa bisibisi ya cherehani ya mama.
Sasa hamsini na sita,
na diski inakwaruza, krr, krr,
na kasuku sebuleni anaijibu, krr,
ameshajifunza; siku hizi sijui
nani kati yao anayekufa.

"Nyuzi hamsini na sita!" namwambia mama.
Anashona gauni la harusi ya watu,
pini mdomoni, hageuki:
"Mimi tangu asubuhi nimemaliza zaidi ya hizo."

Baba akarudi kutoka kiwanda cha chuma.
Alimorad, miaka ishirini na miwili mbele ya tanuri;
nyusi zake ziliungua zamani, zikaota upya
zikiwa zimekosea njia.
Huko chuma huwa uji kwa nyuzi elfu moja na mia sita.
Nilijua atacheka.

Akaweka kiganja juu ya sanduku,
vile alivyokiweka kwenye paji la Tara
mwaka ule wa surua.
"Mwisho wake ngapi?"
Nikamwambia: thelathini hadi arobaini na tano, lala usingizi.
Hamsini, anza kunakili vitu vyako pengine.
Sitini, viombe radhi.
"Na umeweka nini humo?"

Nikaona haya. Mji, baba.
Mji wa mchezoni. Mimi na Peyman wa ghorofa ya chini
tuliujenga miaka minne, mpaka wao wakahamia Gothenburg
wakatuachia kasuku.
Una daraja la reli. Una soko la samaki
lisilo na hata samaki mmoja, tulisahau.
Una theluji. Theluji, baba, kila mtaa.

Hakusema neno. Akachuchumaa na tochi ya simu,
akachungulia kama anayekagua nyumba ya kupanga.
"Nani kamweka huyu hapa,
juu kabisa ya hili linalotoa moto?"
Kadi ya picha, nikasema. Ndivyo nilivyoinunua.
"Kazini, anayekaa karibu na tanuri
hupewa maji, hupewa zamu, hupewa posho ya hatari.
Huyu wako umempa nini?"

Tukazima. Brashi ya rangi ikatoa vumbi
la dhoruba zote za mwaka huu, jekundu, laini kama iliki iliyosagwa.
Diski tukaishusha chini, nyuma ya feni ya mbele,
lakini tundu za skrubu hazikukubaliana.
Mama akainuka bila kuulizwa,
akakata mpira wa kiunoni, ule wa suruali za watoto,
akafunga mafundo manne.
Diski ikaning'inia humo kama mtoto kwenye mbeleko.
Haikukwaruza tena.
Kasuku tu ndiye aliyeendelea.

Tukawasha. Hamsini na moja.
Baba alikula wali wake akiwa amesimama.
Arobaini na nane. Arobaini na sita, ikasita hapo,
ikapanda moja, mama akasema "Usithubutu,"
ikashuka.
Arobaini na nne.

Ndipo umeme ukakatika, mtaa mzima, kama ratiba ilivyosema.
Feni zikashusha pumzi moja ndefu.
Tukakaa sakafuni kwenye vigae, jasho likitutambaa mgongoni,
hakuna aliyefuata tochi.

"Hiyo theluji," baba akauliza gizani,
"huanza kuanguka mwezi gani?"