Kopa, Uru, Shupaza, Pau

Saa tisa usiku, kiwanda cha nyama, Dungannon.
Mashine zimepewa nusu saa ya kunyamaza.
Mvua ya Ayalandi haipigi bati, inalilamba tu,
na katika chumba cha chai kinachonuka klorini
watu wanne wamevua glavu, wanachanganya karata.

Dona Eulália ndiye anayegawa. Siku zote ni yeye.
Kazaliwa milimani, nyuma ya Chaves, huko Ureno,
na Kireno hukishika kama funguo za nyumba
aliyowapangisha wenzake:
kaeni, ila msipigilie misumari.

Kushoto kwake Valdirene wa Maranhão, Brazili,
anayezivuta irabu
kama mtu anayetandika jamvi apate kujinyoosha.

Mbele yake Zeferino wa Baucau, Timor ya Mashariki.
Utotoni mwake askari wa Jakarta waliifukuza lugha hii shuleni,
ikaenda kujibana kwenye rozari ya mama yake,
mlango umefungwa, taa imepunguzwa.
Kwa hiyo mpaka leo akitaka chumvi
utadhani anatubu:
utujalie, Dona Eulália, chumvi hiyo.
Na huipokea kwa mikono miwili.

Braima wa Bafatá, Ginebisau, huhesabu kwa Kifula,
hutania kwa Kriolu,
Kireno hukitoa pale tu panapotakiwa saini.
Alikijua kwanza kwa kiganja:
neno moja la nyumbani, rula moja.

Mchezo wao unaitwa sueka. Mwenzako hukaa mbele yako
na humwambii kitu. Hukonyezi, hukohoi.
Unamtazama tu, ukiomba Mungu
akumbuke nani alikwisha kutupa ree ya uru.

Alhamisi iliyopita Dona Eulália alisahau, akasema:
*Rapariga*, zamu yako.
Kwao hilo ni neno safi kama aproni iliyofuliwa,
binti, msichana, basi.
Maranhão ni mwanamke mwenye bei.
Valdirene akalaza karata zake chali, saba ya kopa ikaonekana na wote.
Mama yangu, akasema, alinizaa ndani ya ndoa.

Siku tatu hawakusemezana.
Wakacheza vizuri kuliko wakati wowote.

Ya nne, bibi kaja na keki kwenye kopo la biskuti,
kasimama mlangoni, kofia ya nailoni bado kichwani,
kalijaribu neno la Wabrazili, *moça*,
kwa taabu, kama mtu anayevaa kiatu cha jirani
na kisigino kinagoma.
Valdirene kacheka mpaka kashika ukuta.
Keki ilikuwa imeungua chini. Ililiwa.

Nawe unayesoma, usijitenge pembeni.
Waambie wakutajie rangi za karata:
copas, ouros, espadas, paus.
Umezisikia wapi?
Meza wanayochezea ni meza.
Leso anayopengea Eulália ni leso.
Parafujo inayolegea kwenye kiti cha Braima,
ile anayoikaza kila usiku kwa ukucha,
ni parafujo.
Ila Zeferino akitaja *igreja*,
kanisa alimojificha mama yake majuma mawili na watoto watano,
sikio langu linapokea gereza.
Nimejaribu kulisahihisha. Halitaki.
Sijui nani kati ya babu zetu alisikia vibaya,
au kama alisikia vizuri mno.

Kengele.
Ovaroli zinafungwa, glavu zinarudi vidoleni,
msimamizi Fergal anagonga dirisha kwa pete yake,
anasema kitu kuhusu saa, hakuna anayehitaji kutafsiriwa.

Dona Eulália anahesabu karata kabla hajazirudisha kwenye boksi.
Thelathini na tisa.
Anahesabu tena. Saba ya shupaza haipo.
Anawatazama mmoja mmoja, polepole, kwa miwani na bila miwani.
Braima anakaza parafujo.

Hakuna anayesema neno,
kwa lugha yoyote.