Maumivu Yana Saa Yake

Walisema ni punda.
Miaka sita nashusha saruji gatini,
mifuko hamsini kabla ya adhuhuri.
Nani asingesema ni mzigo?
Hata mimi nilisema.
Hata Shababi, punda wangu, alinitazama kwa jicho la mkosaji.

Mkandaji wa Langoni alisema mshipa umepanda juu ya mfupa,
akaushusha kwa kisigino.
Wa pili akaupandisha.
Mwenye chuku akaniumika pembe saba kiunoni,
akanionyesha damu nyeusi kibakulini: "Huyu ndiye."
Nilimtazama huyu. Hakuwa na uso.
Zahanati wakaandika: *mgongo.*
Niliingia na mgongo, nikatoka na mgongo,
kwa shilingi mia tatu.

Eksrei ikatoka safi,
safi kama shuka la mgeni,
na kijana aliyeipiga akanipongeza.
Nikashuka ngazi mkono mmoja ukutani,
nimepongezwa.

Lamu pongezi hazichelewi kufika.
"Kumbe hana kitu. Mvivu."
Shemeji Mwanakhamisi akasema polepole, ili nisikie,
kwamba bwana wa miaka ishirini na sita asiyeinuka asubuhi,
basi dada yake na aulize vizuri
hicho kiuno kinafanya kazi gani usiku.

Kulikuwa na jambo nalijua, nikaliona la kipuuzi:
Ijumaa, siku ya kupumzika, ndiyo iliyoniua.
Jumamosi, ufikapo mfuko wa kumi,
mgongo ulilegea kama kamba iliyoloa.
Utamwambia nani kwamba mzigo unakupoza?
Atacheka,
kisha akuongezee mzigo.

Malindi, nyuma ya soko,
chumba chenye feni moja,
daktari Mbodze, mfupi, viatu vya raba.
Kalamu hakuigusa.

Maumivu hukuamsha saa ngapi?
Saa kumi. Kabla ya adhana.
Hukuachia lini?
Jua likifika dirisha la pili.
Ukiendelea kulala?
Huzidi.
Na ukitembea?

Nikanyamaza, koo limejaa.
Swali dogo, lingeenea kiganjani,
na miaka mitatu hakuna aliyekuja nalo.

"Na jicho? Limewahi kuwa jekundu, ukauogopa mwanga?"
Nikamkumbuka mama, mwaka ule wa kipupwe kikali:
"Mato yako yana damu, mwanangu,"
akanifunga leso siku nne gizani.
Jicho na kiuno!
Nani aliwahi kuwakalisha mkeka mmoja?

Kalamu alipoishika hakuiandikia karatasi,
aliniandika mimi: alama mbili, chini ya mgongo.
"Inama."
Akapima kwa utepe wa fundi cherehani.
Alama zilipaswa kukimbiana.
Ziliganda pale pale.

Akasema: si mzigo, si mshipa.
Kinga ya mwili wako imekugeukia,
inatafuna viungo pale uti unapokutana na nyonga.
Damu itasema kidogo,
picha ya sumaku ya Mombasa itasema zaidi.
"Sijathibitisha," akasema. "Nadhani."
Ile *nadhani* ilikuwa nzito
kuliko hakika zote nilizokwisha kulipia.

Picha ilinila punda mmoja. Si Shababi.
Ikamwunga mkono Mbodze.
Jina la ugonjwa ni refu, halikai mdomoni,
nimeliandika kwenye karatasi ya mfuko wa saruji.
Hauondoki, alisema, ila hufugwa:
vidonge, mazoezi, usiulalie.
Kufuga najua.

Sasa saa kumi hunikuta njia ya Shela, natembea,
hatua ishirini za mzee, kisha zangu.
Siku nyingine za mzee hufika mia.
Shemeji bado haamini; anataka kuiona picha,
na akiiona anasema haoni kitu.

Chupa ya mafuta ya mkandaji ingalipo.
Nampaka Shababi palipochubuliwa na shogi.
Lakini kwanza nabonyeza, taratibu,
namtazama masikio:
hapa?
Au hapa?