Sufuri Si Tupu

Saa saba usiku, ghorofa ya tatu, Mtaa wa Livingstone,
feni inahamisha joto kutoka kona hii kwenda ile,
nami nimekipandisha kiunzi toka toleo la nne hadi la tano
kwa sababu la nne halitibiwi tena:
likiumwa, limeumwa.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu kaja na jembe lake mkononi, hata kiti hajakalia.
Kaitazama kanzidata yetu ya tangu enzi za Mkude,
akasema kwa maandishi mekundu:
*Siongei na toleo hili. Nitafutie jipya.*

Haya.
Nikanakili kila kitu mara mbili,
diski moja mezani, nyingine mkobani, imeviringishwa kanga,
nikasimika toleo jipya, nikaanza kuhamisha
mistari elfu sita ya Chama cha Akiba cha Wauza Mboga, Buguruni.
Elfu moja. Elfu mbili. Nikamimina chai.
Kwenye elfu mbili mia tatu na kumi na tisa, ikagoma.

*Tarehe ya kuzaliwa si sahihi.*

Nikaufungua mstari.
Zainati Kipolelo, mchicha na matembele, hisa arobaini,
mkopo kaumaliza kabla ya muda,
kazaliwa siku ya sufuri, mwezi wa sufuri,
mwaka sufuri sufuri sufuri sufuri.
Chini yake Somoe Chande. Chini yake Apolonia Mng'ong'o.
Mia mbili na kumi na wawili, wote wa siku moja,
siku ambayo jua lake halikuwahi kuchomoza.

Toleo la zamani lilikuwa karani mpole:
ukimwambia sijui, anaandika sufuri,
anagonga muhuri, anaita anayefuata.
Hili jipya limesoma. Linajua Februari ina siku ngapi.
Linataka kila mtu awe na asubuhi yake.

Nikampigia Mkude. Yuko Mpanda siku hizi, anafuga nyuki.
Akapokea kwa sauti ya godoro.
"Niliwauliza," akasema. "Mmoja aliniambia mwaka wa nzige.
Mwingine, mama alikuwa akivuna ufuta.
Mwingine alicheka mpaka akakaa chini.
Sasa ningeandika wapi? Hapakuwa na safu ya nzige."

Bosi akatuma ujumbe: *Wape wote Januari mosi, tulale.*

Mama yangu ni wa Januari mosi.
Karani mmoja alimzaa upya kwa kalamu,
na kila mwaka, tarehe hiyo, hakuna anayekumbuka kumpongeza,
hata yeye mwenyewe.

Amri ilikuwa ya mstari mmoja tu.
Nilikwisha kuiandika. Niliifuta herufi kwa herufi, kutoka nyuma.

Sufuri ni jibu: mtu amehesabu, akakuta hakuna.
Tupu ni kiti kilichoachwa wazi
kwa sababu mwenyewe yuko njiani.
Nikaiambia safu: *ruhusu tupu.*
Nikageuza sufuri kumi, nikangoja, pakawa kimya;
nikageuza zilizobaki.
Pembeni nikaongeza safu nyingine, ya maneno, herufi mia mbili,
nikaiita *alivyosema mwenyewe*.

Saa kumi na robo kiunzi kikazungumza na kanzidata,
bila salamu, kama ndugu waliogombea shamba,
lakini kikazungumza.
Chini, lori la kabichi lilikuwa likirudi nyuma, tingo akipiga bodi.
Nikatafuta: Kipolelo, Zainati.
Salio likatokea, kamili hadi senti.
Mahali pa umri, kistari kifupi.

Kistari hicho nitakipeleka Buguruni mwenyewe, Jumamosi,
nimuulize yeye ni wa nzige au wa ufuta,
au ndiye yule aliyecheka.

Ripoti ya wastani wa umri imevunjika.
Hiyo ni kazi ya Jumatatu.