Kumbukumbu za Kikao cha Kawaida

Saa nne kasorobo. Kengele inalia,
sauti yake imepasuka tangu ilipodondoka
katika mjadala wa ushuru wa ndizi.
Tunasimama. Sala. Tunakaa. Viti vinalalamika
kwa niaba ya wananchi wa Moshi.

Mimi ni kalamu. Mwaka wa kumi na tisa huu
nimekaa kushoto kwa Mwenyekiti, chini kidogo,
nikigeuza vinywa vyao kuwa nafsi ya tatu:
mjumbe alitaka kujua; mjumbe alielezwa;
Baraza lilipokea.
Hakuna anayefoka katika maandishi yangu.
Mheshimiwa Olotu akipiga meza hadi glasi ziruke,
naandika: alisisitiza.

Yatokanayo. Hapa ndipo linapoishi kalavati la njia ya Pasua.
Lilivunjika mwanangu akiwa darasa la pili.
Sasa ana ndevu, anakata tiketi stendi,
na kalavati bado "utekelezaji unaendelea."
Nalijua kama jino bovu:
ulimi hauachi kulipitia.

Leo kuna mbwa. Kamati imehesabu mbwa
mia nne na kumi na wawili, wenye wenyewe na wasio na wenyewe,
na Mheshimiwa Mbonea anauliza, kupitia kwako Mwenyekiti,
hao wasio na wenyewe walihesabiwaje
bila mmoja kuhesabiwa mara mbili?
Kicheko. (Kicheko hakiandikwi.)
Ofisa mifugo anasimama, anafungua faili, anafunga faili,
anaomba kuleta majibu kikao kijacho.

Wanaoafiki waseme ndiyo.
Ndiyooo.
Wasioafiki?
Feni peke yake inatikisa kichwa.

Masika fulani, mvua imeziba madirisha yote,
nilichoka. Kwenye orodha ya wasiohudhuria,
chini ya Mheshimiwa Aikaruwa Kimambo (udhuru: msiba, Kibosho),
niliandika:
*Mlima. Hakuhudhuria. Bila taarifa.*
Nikasubiri kufukuzwa kazi.

Miezi mitatu. Ukurasa wa kwanza, marekebisho?
Hakuna. Wa pili? Hakuna.
Mtoa hoja akatoa, wa kuunga akaunga,
Mwenyekiti akatia saini, wino ukakauka,
na utoro wa Mlima ukawa halali.

Nilicheka njia nzima. Halafu jikoni, nikimenya ndizi,
nikalia kidogo.
Nani ananisoma?

Jana nilikuwa stoo, natayarisha kukabidhi ofisi.
Nikakuta makabrasha ya marehemu Aikaruwa,
familia iliyarudisha kwenye boksi la sabuni.
Yamejaa penseli: koma iliyopotea,
jumla isiyojumlika,
jina la mtaa nililolikosea herufi.
Pembeni mwa Mlima, mwandiko mwembamba:
"Alikuwepo. Wingu tu lilimkaa mbele.
Rekebisha, mwanangu, ila usiwaambie."

Na pembeni mwa kalavati, kila kikao, kila mwaka,
alama moja ya kuuliza,
ikikonda kadiri mkono wake ulivyokonda.

Nilikaa juu ya boksi lile
mpaka mlinzi akaja kufunga.

Mengineyo: hakuna. Kikao kimefungwa saa nane na dakika tano,
waheshimiwa wanasaini posho, wanagombania sambusa za mwisho.
Mimi nabaki na daftari.
Katibu hana sauti kikaoni, kanuni ziko wazi.
Ila ukurasa wa tatu, kati ya mbwa na ushuru wa maegesho,
kuna nafasi ya mistari miwili.

*Baada ya majadiliano marefu, Baraza liliazimia
kalavati la Pasua lijengwe kabla ya masika.*

Majadiliano yalikuwa marefu kweli. Sijadanganya hapo.

Kikao kijacho sitakuwepo.
Kijana mpya atakaa hapa, na kompyuta yake.
Mwenyekiti atalamba kidole, atafunua:
ukurasa wa tatu, waheshimiwa, marekebisho?

Feni itatikisa kichwa.