Risasi

Hotuba ya kwanza niliipanga kwa mikono safi.
Bucaramanga, Oktoba, mvua ikipiga vigae,
Jenerali Tapias amepanda juu ya pipa la molasi
anadai kura zihesabiwe upya. Hilo tu.
Kura, kura, kura: mara kumi na nne,
hata herufi ya mwanzo ikaniishia
na Hersilia akakimbia kuazima kwa padri.

Ya pili ilikuja kwa nyumbu, imelowa.
Kura zilikuwa nne. Gavana, kumi na moja:
gavana mwizi, gavana aondoke,
gavana na kodi yake ya kahawa.
Sikushangaa. Anayetafuta ufunguo
huja kugundua kwamba hata mlango haumpendezi.

Baada ya siku kumi na tano za mlimani,
tumbusi wameshiba hadi hawawezi kuruka,
ikaja karatasi moja.
Haikutaja kura. Haikumtaja gavana.
“Waliolala kule juu hawaturuhusu kurudi.”
Niliisoma mara tatu nikitafuta tunachopigania,
nikakuta tunapigania kule kupigana.

Hersilia, ambaye kaka yake alikuwa kule juu,
aliupanga mstari ule mwenyewe,
kinyumenyume, kama tupangavyo wote,
akasema, “Hapa amekuwa mkweli.”
Nikasema, “Hapa amepotea.”
Hatukusemezana mpaka Jumapili.

Kisha wakaja kuchukua herufi.
Sajini Nepomuceno, mtoto tu, na gunia.
Risasi ni risasi, alisema,
akaanza na irabu, maana ndizo nyingi.
Kura ile ya kuhesabiwa upya iliyeyuka
pamoja na gavana, pamoja na jina la Jenerali,
ikamiminwa kwenye kalibu, ikatoka mviringo.

Hotuba ya mwisho hatukuichapa; kwa herufi zipi?
Tuliisikia uwanjani, sauti imemkauka:
amani yenye heshima,
na maafisa wabaki na panga zao na farasi.

Ahadi ni deni. Daftari ninalo mimi:
karatasi tatu za majaribio, chini ya godoro.
Na alama moja iliyodondoka nyuma ya mashine,
Nepomuceno asiione:
mkato.
Mtu akiniuliza vita vile vilihusu nini
naipapasa mfukoni,
nanyamaza kidogo,
ndipo naanza na pipa la molasi.